Kuhusu Kikohozi Kilichohamisha Soko la Tunduma

Tunduma,
tarehe 9 Machi, 1952

Kwa Bwana Shauri,
Bomani.

Bwana Mheshimiwa,

Nakuamkia kwa adabu, nikitumaini barua hii itakukuta mzima na umekwisha kunywa chai, maana ni ndefu.

Mimi ni Fanueli Simfukwe, mwenye banda la chai hapa Tunduma, kando ya barabara wanaposimama malori ya watu waendao migodini Rodeshia. Labda jina langu hulikumbuki. Katika kumbukumbu za baraza lako la Januari nimeandikwa "Wafanya Biashara Wadogo", kana kwamba tulikuja wengi. Nilikuwa peke yangu, na nilikuwa na mafua. Ndiyo sababu naandika. Naomba kikohozi changu kifutwe.

Mwezi wa Desemba tulisomewa tangazo lako kwamba Serikali, kabla ya kutunga amri za masoko, inataka kusikia sauti ya wafanya biashara wadogo, nao wachague mtu mmoja. Bwana, tulifurahi. Enesi, mjane auzaye viazi vitamu na karanga, alipiga vigelegele hata dereva mmoja akadhani kuna harusi, akashuka na abiria wake wote. Nilichaguliwa mimi kwa kuwa nilisoma misheni mpaka darasa la nne na nina baiskeli. Enesi akaniambia, "Baba Leah, ukifika huko sema jambo moja tu: soko lisiondolewe barabarani. Mengine tutavumilia." Nikamwahidi mbele ya watu.

Mvua ilinishika kijijini Mpemba na haikuniachia njia nzima. Nilifika Bomani siku ya pili, maji yananitiririka mpaka kwenye makaratasi niliyoyaandaa. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mlinikaribisha vizuri, hilo sikatai. Kiti nilipewa. Walikuwepo bwana mwenye maduka matatu, Mzungu wa shamba la kahawa na bwana wa barabara, na kila mmoja alisema mpaka akachoka. Iliposomwa amri ya kwanza, kwamba kila auzaye chakula awe na mizani yenye mhuri wa Serikali, ukaniuliza wadogo wanaonaje. Nikakohoa kidogo, nisafishe koo. Karani wako mkalimani akasema, "Wanakubali." Nilipofungua mdomo nianze, akanigeukia kwa upole: "Ahsante, umekwisha kusema."

2. Amri ya pili ilikuwa kwamba kila mwuzaji avae koti jeupe. Hapo nilijizuia. Nilijizuia mpaka machozi yakanitoka, na karani akaandika kwamba wadogo wameguswa sana na wema wa Serikali. Kisha kikohozi kikanishinda, na amri ikapita kwa kauli moja.

3. Amri ya tatu ilikuwa soko lihamishwe maili mbili kutoka barabarani, kwa sababu ya vumbi. Nikasimama. Neno la Enesi lilikuwa ulimini kabisa. Kilichotoka ni kikohozi kirefu ambacho hata mimi sijapata kukisikia kifuani mwangu, hata yule Mzungu wa kahawa akanipa kitambaa chake cha mfukoni. Karani aliandika mistari mitano. Nimeisoma. Inasema wadogo hawakubali tu soko lihamishwe, bali wanaomba lihamishwe upesi, kabla ya Kwaresima.

Basi Serikali ikatusikiliza. Tumehamishwa. Lusubilo, auzaye mkaa, huvaa koti jeupe alfajiri, na ikifika saa nne askari humkamata kwa kuvaa koti jeusi. Ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka, waliozoea kuvuka kuja kununua, wanakuta uwanja mtupu na mbuzi. Na lori, Bwana, haligeuki maili mbili kwa ajili ya kiazi. Banda langu halikuguswa kwa kuwa lina bati, nami sikuiomba bahati hiyo, lakini sasa watu wanasema nilikohoa kwa ujanja.

Juzi jioni Enesi aliingia kwangu na sinia kichwani, limejaa kama lilivyoondoka asubuhi. Akalitua mezani.

"Baba Leah," akasema, "uliwaambia nini wale watu?"

Nikamwambia nilikohoa.

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Nilitaka anitukane, ingekuwa nafuu. Aliketi, akamenya kiazi kimoja kilichopoa, akanipa nusu. Tukala. Watoto wake wanne wanakula viazi asubuhi, mchana na jioni, na si kwa shibe, ni kwa kuwa hakuna aliyevinunua. Toka siku hiyo sijalala vizuri, ingawa kifua kimepona.

4. Kwa hiyo naomba vikohozi vifutwe katika kumbukumbu, vyote vitatu. Ikiwa Serikali haina wino wa kutosha, basi kile cha tatu.

5. Ikiwa sheria haijui njia ya kufuta kikohozi, na itangazwe kwamba kikohozi ni lugha mojawapo ya Tanganyika, na karani afanyiwe mtihani. Kinyiha anakijua nusu, Kinamwanga hakijui kabisa, sioni kwa nini hii aijue bila kusoma. Mimi niko tayari kwenda mbele ya tume yoyote nikakohoe tena, polepole, naye atafsiri neno kwa neno.

6. Zichunguzwe pia amri za zamani. Kodi ya kichwa ilipoletwa huku, wazee wanaapa hakuna aliyeikubali, na Serikali inaapa walikubali. Ni mzee gani aliyepiga chafya? Na mpaka huu uliopita kati ya nyumba ya mama yangu na nyumba ya dada yake, akabaki huyu Tanganyika na yule Rodeshia, hatujapata kumwona mtu aliyeulizwa. Huenda palikuwa na mtu amekaa karibu akapiga mwayo.

Bwana Shauri, sikuandika kwa kiburi. Nashikilia neno moja tu, na hilo sitaliacha: mtu aulizwe juu ya jambo linalomgusa, hata akiwa mdogo namna gani, hata asiyesoma, hata auzaye chini, na angojewe mpaka amalize kusema.

Mke wangu Marita anakusalimu, na binti yetu Leah, na mwalimu Anania wa misheni. Msalimu karani, simchukii. Mwambie Mzungu wa kahawa kitambaa chake kimefuliwa na kupigwa pasi.

Ni mimi, raia wako mtulivu, niliyepona kabisa,

Fanueli Simfukwe
Sauti ya Wafanya Biashara Wadogo, Tunduma

Nyongeza: Nilikwisha kutia sahihi ndipo nikapata habari kwamba jana wauzao chini, wengi wao wanawake, walikutana huko uwanjani wakamchagua Enesi awe sauti yao badala yangu. Mimi sikuulizwa. Tafadhali, Bwana, jambo hili usilikubali. Enesi hajasoma, hana baiskeli, na tukianza kumpa kila mtu sauti eti kwa sababu jambo linamgusa, mabaraza hayataisha. Ameleta barua yake, aliyoandikiwa na Leah, damu yangu mwenyewe, akataka iingie katika bahasha hii, na kwa kuwa stempu ni yake sikuweza kukataa. Nimeisoma. Ina maneno haya tu: "Bwana Shauri, njoo siku moja ubebe sinia langu maili mbili hizo, kisha utuulize." Haina maamkizi, haina tarehe, wala haielezi yeye ni nani. Naomba uisome baada ya yangu.