Mgeni Kasema, Mungu Kasema

Jumatano ya Majivu, 1 Machi 1995

Kwaresima imeanza vizuri. Padre kahubiri kwamba Mungu husema nasi kupitia mgeni yeyote tunayekutana naye njiani, hata yule anayesimama kuomba maji. Kanisa zima lilikuwa linasinzia. Mimi nilisikia! Wengine wameacha pombe. Kuacha pombe ni kwa watu wasio na mawazo. Mimi nitasikiliza wageni, na nitatenda kila watakalosema.

Wakati ndio huu. Biashara huria imeingia, kila mtu hapa Matiri anajitafutia. Egidi, jirani yangu wa bondeni, tayari ana mashine ya kusaga, na siku hizi anatembea kama diwani. Mungu hawezi kumpa Egidi mashine halafu mimi aninyime hata wazo.

Nikamweleza mke wangu, Ottilia. Akasema yeye anasema tangu mwaka jana kwamba paa la jiko linavuja, na hasikilizwi. Nikamjibu kwa upole kwamba yeye si mgeni.

Ijumaa, 3 Machi

Nimeshinda njia panda. Bibi mmoja nisiyemjua aliniomba nimsaidie kuni zake mpaka ng'ambo ya mto. Nikamwambia aniwie radhi, namsubiri Mungu. Baadaye akapita muuza mitumba, anapaza sauti: chagua, chagua! Amri ya wazi kabisa. Nikachagua koti, nikampa jogoo wa Ottilia. Koti ni la kike. Lakini lina joto.

Jumatatu, 6 Machi

LEO! Kapita Hamphrey, muuza usipa kutoka Ngumbo, kule ziwani, anasukuma baiskeli na tenga lake la samaki wakavu. Ni Mwanglikana, lakini Mungu hachagui. Akasimama chini ya shamba letu la mlimani, mdomo wazi. Akaniuliza mashimo yote haya ya nini, tumezika nani. Akasema kwao ufukweni shamba limetandazwa kama mkeka, na mihogo inastawi ajabu.

Nywele zilinisimama! Sisi Wamatengo tunachimba ngolo, mashimo haya ya shambani, tangu enzi za mababu, na hakuna aliyewahi kuuliza. Mume anafyeka majani na kuyapanga kwa miraba (kazi ngumu sana). Mke anachimba shimo katikati ya kila mraba na kufukia majani kwa udongo (amezoea). Maharage yanaota juu ya matuta. Na shimo? Shimo limekaa bure! Nikiyafukia yote, navuna mara mbili. Halafu nanunua mashine. Yangu itakuwa kubwa kuliko ya Egidi.

Kesho Ottilia anakwenda Mbuji, mdogo wake Tadea kajifungua. Mungu akitaka jambo, anapanga hata safari.

Alhamisi, 9 Machi

Nimemaliza! Mgongo hauna hali, lakini shamba sasa ni mkeka. Mkeka ulioinama, sawa, ila mkeka. Maharage yaliyokuwa yameota yamepata shida kidogo. Kufidia, nimepanda yote yaliyokuwa ghalani, hata ya kula.

Shangazi Vitalia alipita. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba huku ananishika paji la uso kama lina homa. Akasema, Mansuetus mwanangu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimejikagua. Miguu yote mizima.

Jioni akapanda Egidi mwenyewe. Akanisihi nifukue kabla mvua haijashuka, maana yale mashimo ndiyo yanayoshika maji. Eti yeye na mkewe Serafina watanisaidia. Wivu huo! Na Egidi nilibatizwa naye siku moja. Si mgeni hata kidogo.

Jumamosi, 11 Machi

Mvua ilinyesha jana mchana. Shamba limehama. Udongo, maharage na jembe langu, vyote vimelala bondeni kwa Egidi.

Ottilia karudi asubuhi. Nilitegemea matusi, na majibu nilikuwa nimeshayaandaa. Badala yake alikaa chini kwenye udongo mwekundu, akaokota mche mmoja uliong'oka, akalia. Kisha akaniuliza watoto watakula nini. Roho iliniuma, nasema kweli, iliniuma sana. Nikamfunika lile koti.

Jumatatu, 13 Machi

Egidi kaitisha ngokela, kazi ya ujima. Jumuiya nzima imepanda mlimani na majembe, yeye mbele, debe la mbegu begani. Akamwambia Ottilia ni maharage yetu wenyewe, yalimfuata bondeni. Uongo mtupu! Yalikuwa makavu kabisa. Ottilia aliyapokea kwa mikono miwili.

Mimi nilipewa kuchimba mashimo. Kazi ya wanawake, mbele ya watu! Shangazi Vitalia alinifuata nyuma, kila shimo langu analirudia.

Hamphrey naye kapita. Nikamuuliza kwa nini aliniletea ujumbe ule. Akashangaa. Akasema aliuliza tu, hakuwahi kuona ngolo, na kwao mlima kama huu hata mbuzi hapandi. Akaegemeza baiskeli, akaomba afundishwe. Ottilia akamfundisha. Anachimba vizuri kuliko mimi.

Jioni Ottilia akaniambia kwa sauti ndogo: Baba Glorious, kila mtu anayekujua alikuonya. Nikakubali. Nikaapa nimejifunza.

Jumanne, 14 Machi

Nimetafakari tangu asubuhi, na kosa nimelipata. Hamphrey si mgeni! Nilinunua usipa kwake sokoni mjini Pasaka iliyopita! Padre alisema wazi kabisa mgeni, mimi nikamfuata mtu ninayemfahamu. Sitarudia ujinga huo.

Na Mungu hanuni. Jioni hii kapita bwana ambaye sijawahi kumwona maishani, mnunuzi wa kahawa, miwani nyeusi. Akaomba maji. MAJI! Akanywa, akaitazama nyumba yetu, akauliza kwa nini mlango unatazama mlima badala ya barabara.

Duka! Ni nini kingine? Ukuta wa upande wa barabara utobolewe, iwe dirisha la kuuzia, kabla Ottilia hajarudi kutoka kanisani. Sururu siioni. Nahisi ameificha.

Haidhuru. Naenda kuazima kwa Egidi.