Ndiyo Mia Nne na Kumi na Mbili

Mheshimiwa Gavana wa Mkoa, ambaye hakuweza kufika lakini ametuma gari lake lenye bendera, na gari hilo limeegeshwa pale kivulini kama mnavyoliona. Mheshimiwa Naibu Waziri, ambaye ametuma salamu kupitia dereva wake. Baba Padri Sofroniy, aliyenyunyizia kipaza sauti maji ya baraka hadi kikanyamaza kwa dakika ishirini. Waheshimiwa madiwani waliopo, na wale walioko kwenye kuchuma zabibu zao. Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye ni mimi. Mkurugenzi wa Wakala wa Mageuzi ya Kidijitali ya Mabonde ya Mito, ambaye vilevile ni mimi. Na ninyi wananchi wapendwa wa Dolno Vrabchevo, mliokubali kukaa kwenye viti vya shule ya chekechea: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya safu ya mbele.)

Mimi, Daktari Mhandisi Asparuh Mutafov, nimepewa heshima, na kwa unyenyekevu mkubwa nimejipa mwenyewe, ya kuzindua rasmi Kituo cha Mkoa cha Ukaguzi wa Uhamishikaji wa Kompaila na Maktaba Sanifu, kituo cha kwanza cha aina yake katika Bulgaria nzima, na kwa mujibu wa tathmini shirikishi niliyoifanya mimi na katibu wangu, cha pili au cha tatu katika nchi zote za Balkani. (Makofi. Mtu wa nyuma anauliza kituo kiko wapi. Anaambiwa anyamaze.)

Sasa, ndugu zangu, ili twende pamoja kimkakati, niwaeleze jambo hili kwa lugha nyepesi. Kilomita nne juu ya viti hivi lipo bwawa. Bwawa lina kipimo cha maji, kipimo kimeunganishwa na komputa, komputa imeunganishwa na king'ora kilichoko juu ya paa la ukumbi wenu wa kijiji, na katikati ya vitu hivyo inakaa programu iliyoandikwa kwa lugha ya C, mwaka 1993, na mwananchi mwenzenu, Bi Zdravka Bozhurova, aliyekuwa mhandisi wa bwawa. (Makofi marefu ya safu za nyuma. Msemaji anatazama saa.) Asanteni, inatosha.

Mwaka jana Wakala wangu, kwa kuona mbali, uliamua kuitupa ile komputa kuukuu na kuleta mpya, nyembamba, isiyo na kelele. Mara Bi Zdravka akaniandikia barua ya kurasa sita. Nikamwita ofisini, maana mlango wangu uko wazi siku zote za Alhamisi. Akaja na mtungi wa lutenitsa, rojo la pilipili na nyanya, aliyoipika mwenyewe, akaketi, akaniambia kwamba maandishi ya programu hayasomwi na mashine yenyewe, bali hugeuzwa na kompaila kuwa lugha ambayo mashine inaielewa. Kwamba komputa mpya ina kompaila nyingine, na ina maktaba sanifu nyingine, yaani ule mkusanyo wa kazi zilizokwisha kuandikwa ambazo kila programu huziazima. Na kwamba lazima vyote viwili vikaguliwe kabla ya kuihamisha programu, jambo aliloliita uhamishikaji.

Nikamuuliza kiungwana, kwani lugha haibaki ile ile?

Akaniambia, "Mkurugenzi, mapishi ni yale yale, ila jiko likibadilika unaonja kabla ya kupakua. Nipe wiki mbili na hiyo mashine yako. Chini kule kuna watu mia tatu."

Nami, ndugu zangu, sikumpa wiki mbili. Nilimpa Kamati! (Makofi ya safu ya mbele.) Kamati ya watu kumi na mmoja, iliyokaa vikao kumi na saba, viwili kati ya hivyo vikiwa kando ya bahari kule Pomorie ili wajumbe wapate utulivu wa kufikiri, na ikatoka na utekelezaji wa aina ambayo haijawahi kuonekana. Kuhusu maktaba sanifu, tulitengenezewa rafu za mti wa mwaloni, mita arobaini, na tukaajiri mkutubi mwenye shahada, ambaye hadi leo anasubiri vitabu. Kuhusu uhamishikaji, tuliikagua komputa mpya kwa kuihamisha: wajumbe wanne waliibeba kutoka ghorofa ya chini hadi ya tatu na kuirudisha, bila mkwaruzo hata mmoja, zoezi lililofaulu kwa asilimia mia moja na nne. (Kicheko nyuma. Msemaji anatabasamu, akidhani ni furaha.)

Ilibaki kompaila. Hapa zabuni ya wazi ilimpata kijana mahiri, Ilarion, ambaye kwa bahati tu amemwoa mpwa wangu. Ilarion alituandikia programu ya ukaguzi. Ukiiwasha, inakwenda yenyewe mstari kwa mstari: inakagua kompaila, ndiyo, inakagua kama kompaila inafanya kazi, ndiyo, inakagua maktaba sanifu, ndiyo, inakagua ukubwa wa namba, ndiyo. Ndiyo mia nne na kumi na mbili, waheshimiwa, na hapana hata moja. Mimi nina miaka thelathini na moja katika utumishi wa umma na sijawahi kuona ripoti safi namna ile. Nilitokwa na machozi, nikaitia sahihi.

Bi Zdravka akaomba kuiona. Akakaa, akaipitia, akaniuliza kama anaweza kuiongezea swali moja. Nikasema karibu, Wakala wetu unasikiliza. Akaiuliza kama ndani ya maktaba sanifu mna kazi inayoitwa supu ya maharage. Ikajibu: ndiyo. Akaiuliza kama mna saladi ya matango yenye jibini. Ndiyo. Akaiuliza kama Mkurugenzi Mutafov anajua C. Ndiyo. (Kicheko kirefu.) Chekeni, ndugu zangu, chekeni, hata mimi nilicheka, kwa sababu niliona wazi uwezo mpana wa kifaa chetu, kinachokagua hata vyakula. Yeye hakucheka.

Alisema, "Hii haikagui kitu. Hii imefundishwa kukubali tu, kama watu wa ofisi hii."

Nilimsamehe papo hapo, kwa maandishi, na nakala ikaenda kwenye faili lake.

Basi mwanamke huyu, badala ya kupumzika, akaenda kwenye shule ya ufundi mjini, akaazima mashine ya jamii ile ile, akaitia programu yake, akaikagua peke yake siku tatu. Akarudi na maelezo. Alisema kipimo cha maji kikiganda au kikilala hutoa jibu la hasi moja, maana yake: sijui, niulize tena. Katika komputa ya zamani hasi moja inahifadhiwa kama hasi moja. Kompaila mpya, kwa nafasi ndogo ile ile, haihesabu chini ya sifuri. Hasi moja inazunguka na kuwa mia mbili hamsini na tano. Na mstari wa hatari ni mia moja. Akasema kompaila yenyewe ilitoa onyo, lakini Ilarion alikuwa ameyazima maonyo yote kwa sababu yalikuwa yakichafua kioo. Akataka kuongeza neno moja mahali pawili kwenye maandishi yake, basi. Nikamweleza kwamba maandishi yaliyokwisha kupata ndiyo mia nne na kumi na mbili hayaguswi bila kikao, na kwamba hasi moja, katika Wakala ninaouongoza, ni kukata tamaa.

Tarehe kumi na nne Machi tuliwasha mashine mpya. Saa nne asubuhi baridi ikakigandisha kipimo, na king'ora kikalia. Mnakumbuka. (Manung'uniko.) Mlipanda kilima mkiwa na slipa, mama mkwe wa mtu alibebwa juu ya mlango, mlikaa kwenye theluji hadi saa nane mkilitazama bwawa, na bwawa limetulia kama bakuli. Wengine wameliita tukio lile aibu. Katika taarifa yangu kwa Wizara nimeliita zoezi la kitaifa la uokoaji, na ushiriki wenu ulikuwa asilimia tisini na sita, kwa hiyo nawapongeza. Mlilalamika kuhusu kelele. Nami, msikivu kama nilivyo, nikaagiza waya wa king'ora ukatwe, na tangu siku ile malalamiko ya kelele yameshuka hadi sifuri.

Nafika sasa tarehe mbili Juni, ambayo katika hotuba hii imepewa nusu ukurasa. Mvua ilinyesha milimani siku mbili. Alasiri Bi Zdravka aliona maji yamepita mstari; akapiga simu kwa Wakala, na napenda kuthibitisha kwamba simu yake ilipokelewa ndani ya sekunde tisa, akaelekezwa fomu. Hakujaza. Aliingia kwenye gari lake bovu akateremka kijijini akipiga honi barabara nzima. Na ninyi, niwe mkweli, mlimfanyaje? Mmoja wenu, mfuga nyuki, alimwambia kutoka mezani...

(Mwanamume wa safu ya tano anasimama, kofia mkononi. Ni Gencho, mfuga nyuki.)

Naam, bwana, kaa tu, nitalisema mimi.

(Gencho anasema atalisema mwenyewe. Anasema: "Nilimwambia, shangazi Zdravka, tumeshapanda kilima chako mara moja, leo tunakula. Akaniambia, Gencho, tukana huku unatembea. Wengine walitembea, mimi sikutembea. Nilikuwa na mizinga sitini. Nilikaa juu ya paa la banda mpaka asubuhi, nikaiona inapita chini yangu, mmoja mmoja, nyuki bado wanalia ndani." Anakaa. Hakuna anayepiga makofi.)

Tunamshukuru mwananchi kwa mchango wake. Takwimu zetu zinasema mizinga ni arobaini na mmoja tu, nyumba tatu, daraja moja, na vifo sifuri, na sifuri hiyo, waheshimiwa, ndiyo mafanikio makubwa kuliko yote ya Wakala katika robo ya pili ya mwaka. (Sauti ya mwanamke: "Sifuri ni ya Zdravka.") Ni ya wote, mama. Ni ya utawala bora.

Ndiyo, tulimwachisha kazi. Kanuni haziruhusu mtumishi kutoa tahadhari kwa honi. Lakini msimwonee huruma, kwa maana nimearifiwa, na taarifa hii imo kwenye ukurasa wa saba ambao katibu wangu ameuandika na mimi naukuta sasa hivi, kwamba Bi Zdravka aliongeza lile neno lake mahali pale pawili; akaipitisha programu kwenye kompaila tatu tofauti, maonyo yote yakiwa yamewashwa, akayajibu moja moja hadi yakaisha; akakuta maktaba ya mashine mpya haina kazi mbili alizokuwa akizitegemea, akaziandika mwenyewe; kisha bwana Gencho na wenzake wakapanda juu ya paa la ukumbi wakaunga waya, bila kibali. Na kwamba king'ora hicho kimekuwa kikijaribiwa kila Jumamosi saa sita mchana tangu Agosti, kwenye mashine iliyotolewa na shule ya ufundi, na kwamba wakati kipimo kilipolala wiki iliyopita, king'ora kilinyamaza, programu ikauliza tena, ikaendelea. (Makofi ya safu za nyuma, marefu. Watu wanageuka kumtazama mwanamke aliyekaa mwisho kabisa, anayemenya alizeti.)

Mafanikio hayo, kwa kuwa yametokea katika eneo la Wakala, ni ya Wakala, na ninayatangaza rasmi kuwa awamu ya kwanza ya Kituo tunachokizindua leo. (Mbinja.)

Nihitimishe. Nikisema kompaila, semeni hoyee. Kompaila! (Sauti moja: hoyee. Ni dereva wa Gavana.) Maktaba sanifu! Uhamishikaji kwa kila kaya! (Viti vinasogezwa.) Hakuna onyo, hakuna hofu!

Shukrani. Namshukuru mchoraji aliyetuchorea Kituo hiki kwenye kitambaa mnachokiona nyuma yangu, kwa ustadi hata Baba Padri akatafuta mlango wa choo. Nawashukuru walimu wa chekechea kwa kutuazima uwanja huu hadi saa tisa. Tumelazimika kuwa hapa kwa sababu kiwanja namba themanini na nane, ambacho katika nyaraka zote, mikataba yote na vibali vyote ndipo kilipojengwa Kituo, kimeonekana leo asubuhi, baada ya mtu wa ardhi kufungua ramani, kuwa kiko katika kijiji cha zamani cha Gorno Vrabchevo, yaani chini ya maji ya bwawa, mita thelathini na mbili, tangu mwaka 1961. Na mwisho kabisa nawashukuru wafanyakazi kumi na tisa wa Kituo, ambao kwa mujibu wa daftari la mahudhurio hawajakosa kazini hata siku moja, na ambao nilikuwa nimejiandaa kuwasoma kwa majina, ila kikongwe mmoja hapa mbele ameiona orodha na kuniambia kwa upole kwamba huyu wa kwanza ni babu yake, na wengine anawajua pia, wote walizikwa kule kule Gorno Vrabchevo kabla maji hayajaja.

Wasimame walipo, tuwapigie makofi.