Maporomoko Yenu Hayafanani na Pazia Langu

Ndugu Mkurugenzi wa Vivutio vya Watalii,

KUHUSU: MAPOROMOKO YA MAJI KUKIUKA PAZIA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ofisi yako iko mbali kidogo na hayo maji yenu, maana karatasi hii ni nyepesi.

Mimi ni mpiga picha. Studio yangu iko kati ya kinyozi na duka la vyombo, na wateja wananiita Tulia Hapohapo kwa sababu ndiyo maneno ninayowaambia kabla ya kubonyeza. Nyuma ya stuli ya wateja miaka yote pamekuwa na pazia kubwa lililochorwa maporomoko yenu. Aliyelichora ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi rangi wa nyumba, naye aliyatoa kwenye kalenda na kuongeza vilivyopungua. Mtaa mzima umepigwa picha mbele yake: maharusi, watoto wachanga, waliofaulu mitihani na waliofeli. Mtu anaingia kwangu, anafika kwenye maporomoko, anatoka na nguo kavu na kuwahi chakula cha mchana kwake. Sijawahi kupata lalamiko.

Mwezi uliopita mke wangu, ambaye ndiye anayewapaka wateja poda na kuwanyoosha kola, alisema anataka kwenda kuyaona yenyewe. Nikamwambia yako hapa, nyuma ya stuli. Akanijibu, “Baba watoto, mimi nimechoka kufagia chini ya mto usiolowa.” Basi tukapanda basi, tukaja kwenu. Yaliyotokea ndiyo yanayonifanya nikuandikie kwa heshima zote, na naomba unisome hadi mwisho kwa sababu nyumba yangu inayumba.

1. Maji yanaangukia upande usio wake. Kwenye pazia yako kushoto, na kulia pameachwa nafasi ya kutosha bwana harusi na wasimamizi wake. Kwenu yako kulia. Nilimuuliza mtembeza wageni wenu, dada mmoja mpole mwenye fulana ya kijani, yalihamishwa lini. Akasema hayajawahi kuhamishwa. Nikamtolea picha za wateja wangu nilizokuja nazo kwenye mfuko. Akazitazama moja moja, akakuna kichwa, akasema, “Labda mzee ungesimama ng’ambo.” Ng’ambo ni jabali tupu, hata mbuzi angefikiria mara mbili. Dada huyo simlaumu hata kidogo, lakini haiwezekani mtaa mzima ukosee halafu mto mmoja uwe ndio ulio sahihi.

2. Maji hayatulii. Nimewapiga picha watoto wenye chango, wazee wenye kikohozi, na bwana harusi aliyemwona mchumba wake wa zamani akichungulia mlangoni. Wote nilipowaambia watulie, walitulia. Maporomoko yenu niliyaambia kwa sauti, nikarudia, watalii wakawa wananigeukia mimi badala ya kutazama walichokifuata. Yakaendelea tu. Tena yana makelele kiasi kwamba hata nikikasirika sijisikii.

3. Hakuna ngazi wala ndege ya abiria. Shemeji alichora ngazi za marumaru zinazoshuka hadi majini, zenye vyungu vya maua huku na huku, na juu ya maji inapita ndege ya abiria. Ngazi sikuziona. Ndege tuliingoja tangu tulipofika mpaka wauza maji ya chupa wakaanza kufunga vibanda. Haikupita. Kama siku ile ilikuwa na hitilafu, ilikuwa vyema tutangaziwe langoni.

4. Maji yanalowesha. Hapa ndipo penye donda lenyewe, Mkurugenzi. Mke wangu alisogea kwenye ukingo, yakamrukia, poda yote ikamtoka, na wala hakuomba taulo. Alisimama pale. Nilimwita tuondoke, hakusikia, na hata angesikia sidhani kama angekuja.

Tangu turudi si yule. Mteja akiingia, badala ya kumpaka poda anamwambia, “Nenda kayaone yenyewe, hapa utaona vumbi.” Nao wanakwenda! Juzi harusi nzima ilipita mlangoni kwangu ndani ya basi la kukodi, ikielekea kwenu, na bibi harusi akanipungia mkono. Jumatatu mke wangu alilikunja pazia na kwenda kuliegemeza mlangoni kwa kaka yake. Shemeji amenuna, na salamu zake zinapitia kwa kinyozi. Mimi nimebaki na stuli na ukuta mtupu. Tukila, mke wangu ananitazama kidogo halafu anautazama ukuta. Kazi nikiikosa nitatafuta nyingine. Lakini huyu mwanamke nimeifungua naye studio, nimezeeka naye humo, na naogopa kwamba machoni pake na mimi nimekuwa pazia.

5. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama maporomoko yenu yanastahili safari, namjibu hapana, kwa uchungu wa mtu aliyekuja na goti la abiria mwenzake mgongoni. Ili kuyarekebisha, naomba maji yahamishiwe kushoto. Najua ni kazi, hivyo mnaweza kusubiri kiangazi. Ngazi zijengwe, maua tutachangia. Ndege hata ikiwa ndogo tutashukuru, mradi ipite saa za kazi. Na maji yazimwe siku za harusi.

Yakishindikana hayo yote, nina ombi jepesi. Wekeni pazia mbele ya maporomoko, kutoka jabali hadi jabali, lichorwe maporomoko. Shemeji yuko tayari na ngazi ndefu anayo. Watalii watayaona yakiwa yametulia, kushoto, na ndege juu, nao watarudi makwao wakavu na wake zao watakuwa walewale waliokuja nao. Hayo mengine yanaweza kuendelea kuanguka huko nyuma, taratibu, bila kusumbua mtu.

Nangoja majibu yako nikiwa nimekaa kwenye stuli ya wateja, kwa kuwa iko wazi. Nisalimie wasaidizi wako, walinzi wa lango, yule dada wa fulana ya kijani, na wauza maji ya chupa wote bila kumsahau aliyetuazima mwavuli.

Wako katika utulivu,

Tulia Hapohapo
Mpiga Picha

N.B. Nilikusudia kukuambatanishia ushahidi. Ni picha ya mke wangu pale ukingoni: amelowa chapachapa, kola imepinda, macho ameyafumba, anacheka mpaka jino la mwisho linaonekana. Kikazi ni picha mbovu, mwanafunzi wangu angeniletea ningemrudisha. Nimeitia kwenye bahasha nikaitoa, nikaitia tena nikaitoa. Miaka yote hii nimempiga picha mimi mwenyewe, na kila mara nilimwambia atulie. Siitumi. Tafadhali msihamishe chochote kabla hatujafika. Tunakuja Jumapili, na safari hii kamera naiacha nyumbani.