Maji Yangu ya Alhamisi

Machi 9, mwaka wa arobaini na moja tangu vita vinitoe bondeni.

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mfereji, ambaye pia ni mdogo wangu na nilimfundisha kufunga kamba za viatu,

Kwa heshima inayostahili cheo chako, si wewe mwenyewe, nalalamika kama ifuatavyo.

1. Nasikia kila Alhamisi saa moja asubuhi mgawa maji husimama mferejini na kuita jina langu mara tatu. Sheria mnaijua: asiyeitika, maji yanampita. Mimi siitiki kwa kuwa niko ugenini, ghorofa ya tano, nasubiri birika lichemke. Hata hivyo mnanifungulia saa nzima. Katika bonde ambalo mvua huja kama mgeni aliyekosea nyumba, huu ni wendawazimu.

2. Shambani kwangu hakuna kilichopandwa. Mnamwagilia magugu. Magugu nayo yanawanenepesha mbuzi wako, Mheshimiwa, jambo ambalo kamati ingelichunguza kama mwenyekiti angekuwa mtu mwingine.

3. Shemeji, mkeo, huwaambia watu, "Muacheni, kachelewa tu." Ndugu yangu, mtu huchelewa harusini. Miaka arobaini na moja haiitwi kuchelewa. Harusi imekwisha na bwana harusi ana wajukuu.

4. Kwa sababu yenu siwezi hata kuzeeka kwa utulivu. Kila Alhamisi saa hiyo hiyo najikuta nimevaa viatu, nimesimama mlangoni, sina pa kwenda. Daktari amenipima moyo, sukari na akili. Sikuthubutu kumwambia kwamba kuna mahali bado ninamwagiliwa.

Kwa hiyo naomba jina langu lifutwe. Kama kanuni zinataka marehemu, niandikeni marehemu. Nitaleta rambirambi kwa posta. Zamu yangu apewe mjane wa fundi viatu, ambaye nyanya zake zinanyauka hatua kumi kutoka kwenye magugu yangu yaliyoshiba.

Wasalimu wote, na mbuzi pia, maana wao ndio wanaonikumbuka kwa faida.

Ni mimi, kaka yako, mwenye kiu isiyo na zamu.

Nyongeza: Mjane apewe maji yote, kuanzia Alhamisi hii. Ila jina langu msilifute. Mgawa maji aite lile lile, mara tatu, na mjane aitike, "Yupo." Lango langu la mfereji huvuja upande wa kushoto, mwambieni mjane azibe kwa udongo na majani makavu, matambara hayafai. Sitarudi.