Avenyu Nzima Imemulilia Shefu Wangu

Ndugu zangu, leo nimepata aibu ambayo hata sabuni haitaitoa. Ninawaandikia nikiwa nimejifungia ndani. Mapazia nimeshusha. Mutu akigonga, siko.

Kwa wasionijua: mimi ni Mama Espe, mushonaji, mashine yangu iko sebuleni, hapa Katindo. Binti yangu Espérance ameolewa, baba yake Mungu alimuchukua. Nyumbani tumebaki wawili, mimi na paka. Paka anaitwa Shefu. Jina hilo ndilo limeniletea yote haya.

Shefu ana ugonjwa wa sukari. (Ndiyo, paka. Hata mimi nilicheka siku ya kwanza.) Alianza kunywa maji kama mutu aliyekula chumvi tupu. Akala kwa wawili, akakonda kwa watatu. Na kila alipokojoa, sisimizi walikuja kwa mustari kama wameitwa kwa karamu. Nikamupeleka kwa Daktari Solange, veterineri, muganga wa nyama za kufuga. Wagonjwa wake wa kila siku ni ng'ombe wa Masisi, lakini hakunicheka. Alimutoboa sikio kidogo, akaweka tone la damu kwenye kamashine ka kupima sukari, akasoma.

"Mama Espe, ni sukari. Atapigwa insulini asubuhi na jioni, akishakula."

"Insulini ya paka inapatikana wapi?"

"Hii hii ya watu."

Nilishangaa. Dawa moja, mutu na paka! Tukaanza na kipimo kidogo sana, tukapanda polepole, na kila mara daktari alitaka kwanza kuona sukari ya Shefu imekuwa ngapi. "Usiongeze mwenyewe," aliniambia. "Kwa paka, kati ya uzima na kifo kuna mustari mumoja wa seringe." Nikafikiri anasema hivyo kunitisha tu, kama wahubiri.

Basi leo asubuhi. Seringe zangu ndogo zimeisha. Nikaenda farmasi, wakaniambia ndogo hakuna, ziko kubwa. Nikasema leteni, sindano ni sindano. (Mama mwenye akili timamu, aliyezaa, aliyesoma.) Shefu akala samaki kidogo, si kama kawaida yake, akaacha sahani. Kipimo chake ni mbili. Nikavuta dawa, nikahesabu mistari: moja, mbili. Nikamuchoma nyuma ya shingo. Hakulia hata. Nikajisifu kwa sauti: "Mama Espe, wewe ungekuwa muganga mukuu!"

Nikakaa kwenye mashine. Nina nguo za kwaya za kumaliza, na wanakwaya hawana subira. Saa zikapita. Jua lilikuwa limepanda nilipomuona Shefu anatoka chumbani. Alitembea kama mutu anayetoka kunywa kasiksi, pombe ya ndizi. Muguu wa nyuma unakwenda huku, kichwa kule. Akagonga mulango uliokuwa wazi. Akarudi chumbani, akajaribu kupanda kitanda changu, akaanguka. Nikamuinua, nikamulaza kitandani. Macho yamefunguka, lakini hayanioni. Kisha akaanza kutetemeka mwili wote.

Nikashika simu. Sasa, nyumbani kwangu rezo ya simu inaingia kwa shida. Ukitaka kuongea vizuri lazima utoke nje, upande lile jiwe la lava karibu na lupango, ua wa nyumba, na upige kelele. Na upande wa pili wa lupango ndipo anapouza makala ya jiko Mama Kavira. Mama Kavira ametoka Butembo na masikio mawili, lakini anayatumia kama ana sita.

Sikumuwaza hata kidogo. Nikapanda jiwe.

"Daktari! Shefu anakufa! Nimemupiga insulini, sasa anatetemeka!"

"Umemupa ngapi?"

"Mbili, kama kawaida!"

"Kwa seringe gani?"

"Ile kubwa! Ndogo hazikuwako!"

Nikabana simu sikioni.

"Mama Espe, kwenye ile kubwa kila kamustari ni vipimo viwili. Umemupa mara mbili yake."

"Yesu wangu! Nimemuua Shefu!"

"Tulia! Alikula?"

"Alikula kidogo tu, akaniacha, akaenda chumbani! Sasa yuko kitandani kwangu!"

"Chukua asali. Mupake kwenye fizi na kidole, kidogo kidogo. Usimumiminie mudomoni, itamukaba. Mufunike asipate baridi. Akianza kumeza, mupe chakula. Unipigie mara moja."

"Nimemufunika na kikwembe changu! Daktari, asipoamka, mimi watu nitawaambia nini?"

(Someni tena maneno hayo, sasa mukiwa upande wa pili wa lupango. Na mujue kwamba chef wa avenyu yetu, kiongozi wa mutaa huu, Muzee Bahati, tunamuita sote Shefu. Na mujue kwamba anaugua sukari, na hakuna asiyejua. Na kwamba mukewe yuko Kalengera tangu wiki jana, anavuna maharagwe. Mimi kwa wakati ule sikuyawaza hayo yote. Nilikuwa namuwaza paka tu.)

Nikarudi ndani, nikachukua asali, nikapiga magoti kando ya kitanda. Fizi zake zilikuwa zimepauka. Nikapaka. Nikangoja. Nikapaka tena. Ndugu zangu, mimi nimeona mengi katika muji huu. Nimeona mulima unawaka moto usiku. Lakini kitu kilichonitisha kabisa ni kuona namna uhai ulivyo mudogo. Tone lisilojaza jicho la sisimizi limemuangusha. Tone lingine la asali, huenda likamurudisha. Na katikati yake niko mimi, mushonaji, na kidole changu.

Hapo nikasikia kilio huko nje.

Mwanamuke mumoja alianza, wa pili akapokea, kisha wakawa wengi. Kilio cha kweli, kile cha musiba. Nikasema moyoni: maskini, nani tena amefiwa leo? Nikasikiliza vizuri.

"Shefu weee! Shefu wetu weee! Umetuachia nani?"

Nikaacha kupaka. Nikashangaa. Machozi yakanitoka. Sikujua kama watu wa avenyu hii walimupenda paka yangu namna ile! Paka mwenyewe anawaibia sambaza, samaki wadogo wa ziwa!

Mulango ukafunguka. Mama Kavira akaingia wa kwanza, kikwembe kimefungwa kiunoni, mikono kichwani. Nyuma yake wamama kama kumi, na nyuma yao wanaume wawili wamebeba ubao wa kubebea maiti. Nikaona hapo wamezidisha kidogo. Lakini mutu aliyeguswa na musiba wako hukosi kumushukuru.

"Aksanti sana kwa kuja," nikawaambia.

"Yuko wapi?" Mama Kavira akauliza, sauti inakatika.

"Chumbani. Kitandani."

Wamama wakatazamana.

"Aliteseka?"

"Alianguka tu, mama. Ni kosa langu. Nilihesabu vibaya."

"Kwa hiyo njo wewe umekuwa unamuchoma sindano?"

"Asubuhi na jioni. Nani mwingine angemuchoma?"

"Asubuhi na jioni!" mama mumoja akarudia nyuma kule, kama anasoma hukumu.

Mama Kavira akafuta macho. Akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini: "Na Mama Shefu, umemujulisha?"

"Mama yake? Mimi mama yake simujui. Huyu nilimuokota Kituku, nyuma ya soko ya samaki. Alikuwa na njaa, amejaa viroboto. Nikamuogesha, nikakaa naye."

Mama Kavira alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, halafu akarudi tena juu.

"Mama Espe," akasema polepole, "huzuni imekugonga akili. Mama Shefu tumeshamupigia sisi. Yuko kwenye pikipiki, anatoka Kalengera."

"Nani anatoka Kalengera?"

Mama Kavira akaingia chumbani, wote wakamufuata. Pale kitandani palikuwa na kitu kidogo chini ya kikwembe changu cha maua. Kidogo sana kwa muzee wa kilo zile. Naona hata yeye aliona, kwa sababu aliinama kwanza kukitazama. Akashika pembe ya kitambaa, akavuta.

Paka.

Wamama wakasogea karibu. Na mbele ya macho yetu sote, sikio la Shefu likacheza.

Kisha ulimi ukatoka. Mudogo, wa pinki, polepole. Ukalamba asali kwenye mudomo. Ukarudi ndani. Ukatoka tena. Macho yaliyokuwa kama vioo yakaanza kuwa macho. Nikaona anarudi, ndugu zangu. Sina namna nyingine ya kusema. Alikuwa mbali, na nikamuona anarudi. Akainua kichwa, kikaanguka, akakiinua tena. Akatutazama sote mumoja mumoja, kama anauliza tumefuata nini chumbani kwake.

Mama Kavira akapiga magoti. "Mungu," akasema.

Wale wanaume waliweka ubao chini taratibu, bila kelele. Mama mumoja akaanza kulia tena, lakini kilio kingine, cha chini. Aibu iliyokuwa inaningoja bado sikuijua. Tulisimama pale kama watu wanaoangalia mutoto anazaliwa.

Ndipo sauti ikatoka mulangoni:

"Nani amekufa?"

Tukageuka. Muzee Bahati, chef wa avenyu, mwenyewe, muzima, kofia kichwani, mufuko wa sambaza mukononi. Ametoka zake Kituku.

Sitaweza kuwaeleza vurugu ile. Mama mumoja alipitia dirishani, na dirisha langu si kubwa. Mwingine aliingia chini ya kitanda. Mama Kavira alikimbilia sebuleni, akaanguka juu ya nguo za kwaya, na vumbi lake lote la makala. (Wanakwaya, mukisoma hapa, tutaongea.)

"Mimi nimefika kwenye kona," muzee akasema, "mutu akanipa pole kwa kifo changu. Nikauliza, nimefia wapi? Akaniambia: kitandani kwa Mama Espe."

Na hapo, hapo ndipo nilielewa. Yote, kwa mara moja. Jiwe. Lupango. Insulini. Kikwembe. Asubuhi na jioni!

"Muzee," nikasema, "si wewe. Ni paka. Paka yangu njo anaitwa Shefu."

Muzee akamuangalia paka. Akaniangalia mimi. Avenyu nzima ikaniangalia, wengine kupitia dirisha.

"Na kwa nini ulimupa jina hilo?"

Ningeweza kudanganya. Ningesema alikuwa nalo tangu Kituku. Ningesema ni kwa heshima. Lakini nilikuwa nimechoka, na hofu ilikuwa bado mwilini, na mudomo wangu ulijibu peke yake:

"Kwa sababu kila asubuhi anapita parsele kwa parsele, anachungulia watu wanapika nini, hakuna anachotengeneza, halafu anarudi kulala."

Ndiyo. Nilisema hivyo. Mbele yake. Mbele ya wote.

Mutu mumoja dirishani alicheka kwa pua, wakamuziba mudomo.

Muzee aliweka mufuko wake chini, akavua kofia, akakaa kando ya kitanda. Nikamupigia Daktari Solange, akaniambia nipime tena. Nikachukua kamashine kangu, nikatoboa sikio, tone likatoka, nikasoma namba. Ilikuwa inapanda. Muzee aliinama, akaangalia kamashine, akaangalia chupa ya dawa.

"Hii njo yangu," akasema. "Jina ni lile lile."

"Ni ileile, muzee."

"Na ikizidi, inakuwa hivi?"

"Hivi hivi."

Akaweka mukono wake juu ya mugongo wa paka. Vidole vyake vimejaa alama za kujitoboa, kama sikio la Shefu. Kisha akatoa sambaza mumoja kwenye mufuko, akamupelekea puani. Shefu akanusa, akala. Muzee akatoa mwingine.

"Mama Kavira," akauliza bila kugeuka, "ulilia kweli?"

"Nililia, muzee."

"Nilikusikia tangu barabarani. Mimi nilifikiri wewe hunipendi."

Mama Kavira akasogeza mufuko wa sambaza karibu na mukono wake.

Daktari akasema nisimuchome jioni hii, nimulete kwake mara moja amuangalie, na kesho tuanze upya na kipimo cha chini, kwa seringe ndogo. Ile kubwa nimeivunja. (Wenye wagonjwa nyumbani, mutu au paka: seringe ikibadilika, uliza kwanza. Ninawaomba.)

Muzee akawasha simu yake ili amuite dereva wa pikipiki atupeleke kwa daktari. Kabla hajapiga, ikalia. Tulimusikia mukewe sote, bila haja ya rezo:

"Wewe ni maiti gani inayopokea simu? Na kama uko muzima, ulikuwa unafanya nini kitandani kwa mushonaji?"

Muzee Bahati, kiongozi wetu, anayeamua kesi za mipaka ya parsele zote, alifikiri kidogo. Kisha akanipa simu.

"Muelezee wewe," akasema.

Nimeelezea. Hajaniamini. Amesema anapita hapa kwanza kabla ya kufika kwake, na amuone huyo paka kwa macho yake mawili. Tumesharudi kutoka kwa daktari, namungoja. Basi mukicheka, muchekee chini chini. Mugonjwa amelala.