Malalamiko Dhidi ya Jirani Asiyetaka Kunihubiria

Ngazi C, Ghorofa ya Pili,
Härnösand, Sweden.
23 Novemba

Kwa Mchungaji Solveig Tengroth,

YAH: MUUMINI WAKO BI GUNVOR ÅSBRINK WA GHOROFA YA TATU

Mchungaji,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na kanisa lako, ambalo kwa taarifa yako sijalikanyaga kwa miaka thelathini na mmoja, wala sina mpango huo. Simwamini Mungu. Wapangaji wote wa jengo letu wanalijua hilo na wanaliheshimu. Naandika kwa sababu Bi Gunvor ananiharibia jina, na nadhani wewe ndiye mwenye mamlaka juu yake. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jengo letu lina chumba kimoja cha kufulia, kule chini, na kila mtu ana zamu aliyojiandikisha. Ukimaliza unafagia, unatoa nyuzi za nguo kwenye kichujio cha mashine ya kukaushia, unamwachia mwenzako kwa wakati. Asiyefanya hivyo namwandikia karatasi kwa wino mwekundu na kuibandika mlangoni. Kazi hii nimeifanya kwa uaminifu tangu nilipostaafu. Sasa Bi Gunvor anashuka hata siku isiyo yake, anasafisha uchafu wa wenzake kabla sijauona. Mchungaji, mimi niandike nini?

2. Januari mke wangu Maj-Lis alifariki. Nguo zikarundikana, nikakosa zamu mbili. Mimi! Nilitarajia karatasi mlangoni, na nilistahili. Badala yake Bi Gunvor akagonga, akasema, "Bwana Sixten, hebu nipe hilo tenga, na usinibishie," akaondoka nalo. Nguo zikarudi zimepigwa pasi. Ila aproni ya Maj-Lis, iliyokuwa imechanganyika humo, aliiweka juu kabisa, imekunjwa vizuri, haijafuliwa. Bado ilikuwa na harufu yake. Nani alimwambia? Nililia kama mtoto, Mchungaji. Mtu wa umri wangu kulizwa na aproni ni usumbufu, na nina hakika kanuni za wapangaji zinaukataza.

3. Hapo nikajua kwamba sasa atakuja kuvuna. Nikajiandaa. Niliandika kurasa kumi na nne za hoja za kupinga kuwapo kwa Mungu, nikachemsha kahawa, nikamwalika. Alikula skonzi tatu za mdalasini, akauliza Maj-Lis alipenda nyimbo gani, akaosha vikombe, akaaga. Yesu hakutajwa hata mara moja! Nikamuuliza mlangoni, waziwazi, kama hana la kuniambia. Akafikiri kidogo. "Lipo," akasema. "Skonzi zako zinataka iliki zaidi." Kurasa kumi na nne, Mchungaji! Ziko hapa mezani mpaka leo.

4. Jambo lenyewe linaambukiza. Wiki iliyopita nilikuta kichujio kimejaa nyuzi, nikachukua kalamu nyekundu, nikairudisha mfukoni, nikasafisha. Alhamisi nikampa zamu yangu Hampus wa ghorofa ya nne, ambaye mapacha wake walikuwa wametapikia mashuka yote. Unajua alinijibu nini, mbele za watu? "Heh! Mzee Sixten, umeokoka?"

Kwa hiyo naomba umwagize Bi Gunvor afanye moja kati ya mawili. Ama anihubirie rasmi, kwa saa nzima, siku atakayojiandikisha, ili nimkatalie kistaarabu na kila mtu ashike njia yake. Ama aache wema huu mara moja. Mtu akikusukuma, nawe unamsukuma. Asiyekusukuma unamfanyaje? Naogopa, Mchungaji, nakwambia kweli. Nisipopewa nafasi ya kukataa, iko siku nitajikuta nimekubali bila hata kuulizwa.

Wasalimie wazee wa kanisa, wanakwaya wote, na yule anayepiga kengele Jumapili saa tano kasorobo. Mwambie naisikia vizuri tu, hana haja ya kuongeza nguvu.

Wako katika kutokuamini,
Sixten Rydqvist

N.B. Nimechelewa siku tatu kuipeleka barua hii posta. Bi Gunvor ameteleza kwenye barafu akavunjika kifundo cha mkono, nami nimechukua tenga lake la nguo. Alitaka kukataa, nikamwambia asinibishie. Chini kabisa ya tenga nimekuta kitambaa cha madhabahu cha kanisa lako. Kumbe ndiye anayekifua miaka yote hii! Doa la divai limetoka, nimekipiga pasi, na nitakileta mwenyewe Jumapili. Nijulishe siku hizi mnaingilia mlango upi, maana nimesahau. Nitakaa nyuma. Nakuomba tu, asije mtu akanihubiria.