Rejesho la Gari na Siku ya Malaika

Jumatatu, 17 Novemba
Mshahara uliingia saa tatu asubuhi. Saa tatu na robo benki ilikuwa imeshakata fungu lake la nyumba. Vyumba viwili, ghorofa ya nne, mjini Novi Sad, Serbia. Imebaki miaka ishirini na sita tu. Salio linatosha chakula na umeme, au rejesho la gari. Si vyote. Mwezi uliopita nilichagua chakula. Kosa kubwa.

Mama mmoja wa kampuni ya magari alinipigia kazini, idara ya maji, wenzangu wakisikiliza. Sauti ya upole kabisa. Alisema nisipolipa walau rejesho moja, Jumatatu ijayo wanakuja kulichukua. Nikamwambia amekosea namba. Akanitajia rangi ya gari. Jekundu.

Zorica, mke wangu, hajui. Anadhani nimelipa.

Jioni alikuja kaka yake, shemeji Tihomir, kunywa kahawa yangu. Amepanga chumba na anaendesha mkweche alioulipia taslimu. Akauliza: nyumba ya benki, gari la kampuni, je hivyo viatu, shemeji, ni vya nani? Zorica alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mtu wa mkweche hawezi kuelewa maendeleo.

Jumanne, 18 Novemba
Nimepata njia! Gari linakula, basi nyumba nayo ifanye kazi. Nimeitangaza mtandaoni: safi, tulivu, karibu na mto. Kabla ya mchana akapatikana mtu. Bwana Ekblad, Msweden, mwalimu mstaafu, anatafuta kimya. Ijumaa hadi Ijumaa. Atalipa taslimu akifika, na inatosha rejesho moja kamili. Mimi na Zorica tutalala kijijini kwa Mama.

Kisha nikatazama kalenda. Ijumaa ni tarehe ishirini na moja. Siku ya Malaika Mikaeli.

Slava yetu. Siku ya mtakatifu wa ukoo, ya kwanza tangu Baba afariki. Mwezi Machi Mama aliitoa ikoni, ile picha takatifu ya Malaika, ukutani kwake, akaja kuitundika kwangu. Akasema sasa wewe ndiye mwenye nyumba, na mwenye nyumba siku ya slava hakai kitini, anasimama na kuhudumia. Baba yako alisimama miaka arobaini. Alilia. Mimi pia nililia.

Nilijisikia vibaya mpaka saa ya chakula. Kulikuwa na kabichi.

Jumatano, 19 Novemba
Tutafanyia slava kijijini, basi. Nimemwambia Zorica nyumba inapigwa dawa ya mende. Akasema hajawahi kuona mende humu. Nikamwambia ndiyo maana ni hatari, wanajificha. Nilipompigia Mama, aliuliza hao mende ni wa ukoo gani hata tuwapishe siku ya Malaika. Lakini alikubali. Sauti yake ilishuka kidogo. Nilijifanya sikuisikia.

Sasa wageni. Hapa ndipo penye kazi. Slava haina mwaliko. Aliyekuja mara moja atakuja mpaka afe, na wote wanajua ikoni iko kwangu. Utamfutiaje mwaliko mtu ambaye hukumwalika? Nikiwaambia waende kijijini, Tihomir atataka kujua kwa nini, naye ana pua ya mbwa. Nikaanza na Gvozden, msimamizi wetu wa ndoa. Nikamwambia Ijumaa hatupokei watu, Zorica ana matumbwitumbwi. Akasema yeye aliugua utotoni, hayampati tena, na mkewe ataleta supu.

Nikapiga simu nyingine nne. Supu nne.

Alhamisi, 20 Novemba
Nimekutana na Padri Sava kwenye ngazi. Akasema kesho saa sita atakuja kuubariki na kuukata mkate wa slava. Nikasema sawa, Baba. Ulimi ulisema wenyewe. Mimi sikuwepo.

Kazini nikaandika tangazo: MAJI YAMEKATIKA JENGO ZIMA, IJUMAA HADI IJUMAA. Muhuri halisi wa idara. Nani atakuja kwenye sherehe isiyo na maji? Nililibandika mlango wa chini saa kumi. Saa kumi na moja majirani walikuwa wanajaza ndoo, mabafu, hata mitungi ya kachumbari. Bibi wa ghorofa ya pili alinishukuru kwa kuwajali. Akasema kwa kuwa kesho sitakuwa na maji ya kupikia, yeye atanipikia maharage. Watu wema wananimaliza.

Ijumaa, 21 Novemba
Naandika chooni. Ndipo mahali pekee ambapo sitazamwi.

Asubuhi niliacha ufunguo chini ya zulia la mlangoni, tukaenda kijijini na gari jekundu, Zorica amepakata mkate. Mama alikuwa ametandika meza ya watu thelathini. Samaki, maharage ya kuoka, rakija ya Baba, pombe kali ya matunda. Saa tano, hakuna mtu. Saa tano na nusu, jogoo alipita. Mama akatazama ukuta mtupu, akaniuliza ikoni iko wapi.

Ikoni ilikuwa nyumbani. Nimeiacha ukutani. Nilikumbuka kufunga boksi la soksi.

Tukageuza gari kurudi mjini, Mama kiti cha nyuma na mkate. Ngazi nzima ya jengo ilinukia samaki. Mlango wangu ulikuwa wazi, viatu vya watu vimejaa mpaka kwa jirani. Ndani walikuwa kama thelathini. Waliokuja kwa slava, waliokuja kumpa Zorica pole, na waliokuja kuniletea ndoo za maji wakaona bomba langu linatoa. Na katikati, chini ya ikoni ya Baba, mzee mrefu amevaa kandambili zangu, anamimina rakija. Bwana Ekblad. Bibi wa ghorofa ya pili alikuwa ameuona ufunguo chini ya zulia akawafungulia wageni, kwa hiyo aliikuta nyumba imeshajaa, viti vimekwisha, akabaki amesimama. Wageni walimwona amesimama, wakajua ndiye mwenye nyumba. Walimpa mkono, wakampongeza, wakamkabidhi divai. Naye, kwa adabu, akaanza kuwahudumia. Hajui neno hata moja la kwetu. Gvozden alisema ni mjomba wangu kutoka upande uliohama.

Padri Sava alikuwa anangoja mkate. Tihomir alikuwa anakula.

Zorica aliniuliza, mbele ya wote, huyu ni nani. Nikasema fundi wa mende. Bwana Ekblad akanitambua kwa picha ya mtandaoni, akanipa bahasha ya pesa, mbele ya wote vilevile. Kimya kiliingia. Hicho hasa alichokuwa anakitafuta. Ikabidi niseme yote: tangazo, kodi, rejesho la gari.

Mama alinitazama. Hakupandisha sauti. “Baba yako aliuza ng'ombe ili wageni wale,” alisema. “Wewe umewauza wageni ili gari lile.” Kisha akamtazama Msweden. “Angalau mmoja nyumba hii amesimama.”

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nikaenda kusimama chini ya ikoni. Padri akaukata mkate, tukauzungusha pamoja. Nilihudumia mpaka saa mbili usiku bila kukaa. Miguu imevimba. Nimeapa kwa Malaika: mwisho wa mipango.

Jumamosi, 22 Novemba
Kabla ya kurudi kijijini, Mama alimrudishia Bwana Ekblad bahasha yake. Mgeni wa slava halipi, na hafukuzwi. Basi atakaa wiki nzima bure, chumbani kwetu. Mimi na Zorica tuko kwenye kochi. Zorica yuko kwenye kochi. Mimi niko chini.

Jumatatu, 24 Novemba
Wamelichukua. Kijana wa kampuni aliniomba nitoe vitu vyangu. Mwavuli, chembe za mkate wa Malaika. Tihomir alinipa lifti kazini kwenye mkweche wake. Alipiga honi kila kona.

Zorica amesema nyumba ni yetu mpaka nitakapoweka tena saini popote bila yeye kujua. Baada ya hapo ni yake. Hatanii. Nilimwahidi kwa moyo wote.

Alhamisi, 27 Novemba
Bwana Ekblad ameandika maoni mtandaoni. Nyota tano! Sherehe ya ukoo, padri, samaki, familia ikigombana kwa uhalisi mkubwa. Maombi yamemiminika. Wasweden wanane wanauliza lini tena.

Nimetazama kalenda. Tarehe kumi na tisa Desemba ni siku ya Mtakatifu Nikola. Slava ya Tihomir. Na slava haina mwaliko. Anayefika mlangoni hafukuzwi, hata wakifika wanane, na siyo mimi nitakayesimama.

Leo saa nane nimechukua gari dogo la abiria, viti tisa, kwa mkopo. Jeupe. Rejesho la kwanza ni baada ya siku thelathini. Zorica nitamwambia tukifika kwa kaka yake.